TANGU LINI?



Tangu mwanzo wa muhula huu sisi wakapita tumeandika jina moja mara saba katika kaye ya adabu. Jina lenyewe hatutalisema hapa, ijapokuwa wengi wenu munalijua. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mwaka jana alikuwa mwimbaji wa korali, mpole, mutu asiyejulikana na kapita hata mmoja, maana kapita hujua majina ya wenye makosa tu. Kisha mapumziko makubwa alirudi kama mutu mwingine. Akacheka kwa sauti katika ibada ya asubuhi, wakati wa maombi. Akamjibu mwalimu wa Kifaransa maneno ambayo hatuwezi kuyaweka katika karatasi hii. Siku moja tulimtuma kuchota maji. Tukamkuta amekaa chini ya mwembe, ndoo tupu pembeni yake, akasema amesahau ametumwa nini. Sisi tukaandika: "kiburi". Tukaandika: "uvivu". Tukaandika: "dharau". Majani yote ya nyuma ya vyoo amekata yeye, karibu peke yake. Katika kikundi cha maombi wenzetu wengine walisema kuko kitu ndani yake, wakamkesha usiku mzima bila kumwacha alale.

Siku ya Mungu iliyopita baba yake mdogo alikuja kumtazama. Sisi tukaenda kumpa mashitaka yetu yote, moja moja, na kaye mkononi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Wana wangu, hakuna aliyewaambia kama alianguka kwenye pikipiki?"

"Hapana, papa."

"Mwezi wa saba. Alilala siku mbili bila kumjua mama yake. Kovu liko hapa." Akagusa paji la uso wake mwenyewe, juu, pale nywele zinapoanzia.

Kovu lile tulikuwa tukiliona kila asubuhi kwenye mistari ya bendera. Hakuna kati yetu aliyeuliza limetoka wapi.

Juma lijalo baraza la nidhamu litakutana, na jina lake liko kwenye karatasi pamoja na neno "kufukuzwa". Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika gazeti letu. Kaye ile ni mkono wetu ulioandika. Inafaa mkono huo huo useme pia yale ambayo haukuyajua.

Kuna elimu inayoitwa neropsikolojia. Jina ni refu kuliko maana yake. Inatafuta kujua ginsi ubongo unavyofanya kazi yake ndani, na ginsi kazi hiyo inavyoonekana inje katika mwenendo wa mutu: kusema, kukumbuka, kungoja zamu, kupanga jambo na kulimaliza, kukasirika na kujizuia. Daktari hutazama kidonda. Mwalimu hutazama mwenendo. Mwenyi elimu hii anasimama katikati yao na kuuliza kama hiki kinatoka kwa kile. Katika somo la biolojia tunachora ubongo, tunaandika majina ya sehemu zake, tunapata pointi zetu na kufunga daftari. Mpaka leo hatukuwahi kufikiri kwamba mchoro ule unaweza kuwa na kazi katika kaye ya adabu.

Mutu wa kwanza ambaye watu wote wa elimu hii wanamtaja alikuwa kapita. Jina lake Phineas Gage, Mmarekani, kapita wa wafanyakazi waliokuwa wakipasua mawe kwa kutengeneza njia ya reli karibu na mji mdogo wa Cavendish, katika jimbo la Vermont. Alikuwa na miaka 25. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba kwa fimbo ya chuma. Baruti ikawaka mbele ya wakati. Chuma kile, chenye urefu wa zaidi ya metre moja na uzito wa karibu kilo 6, kiliingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatokea juu ya kichwa na kuanguka mbali nyuma yake. Tunajua baadhi yenu hamtasadiki, lakini fuvu lake na chuma chenyewe vimehifadhiwa Boston mpaka leo, katika chuo cha uganga cha Harvard. Gage hakufa. Kisha dakika chache alisema. Alipanda mkokoteni wa ng'ombe akaenda mjini amekaa wima.

Daktari aliyemtunza, John Harlow, alifunga kidonda vizuri, na mwili ukapona. Miaka 20 baadaye, mwaka 1868, ndipo alipochapisha habari ya yale mengine. Kabla ya ajali wakubwa wa kazi walimhesabu Gage kuwa kapita mwema kuliko wote. Kisha ajali alitukana ovyo, jambo ambalo halikuwa desturi yake; hakuvumilia kukatazwa; alipanga mipango mingi na kuiacha yote kabla haijaanza. Nguvu alikuwa nazo, kusema alisema, kuhesabu hakushindwa kabisa. Lakini rafiki zake walisema yule hakuwa tena Gage. Wakubwa wake hawakumrudishia cheo.

Sasa tulinganishe na kaye yetu. Kutukana, kutokukubali kukatazwa, kuanza kazi na kuiacha. Kama Gage angekuwa katika internati yetu, angekata majani mpaka mlimani.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo iliyoumizwa kwake. Wataalamu wamejifunza tangu wakati ule kwamba pale ndipo mutu anapopima neno kabla ya kulitoa, na anaposhika shauri moja mpaka mwisho bila kuvutwa na lingine. Asiye na sehemu hiyo nzima anaweza kujua sheria zote na kukuambia zote kwa kichwa. Kinachomshinda ni kuitii sheria ile dakika inapohitajiwa. Sisi tulifikiri anayejua sheria na kuivunja ni mwenyi dharau. Haiko hivyo kila mara.

Habari ya Gage ina mwisho ambao vitabu vingi vinauacha, na kwetu ndio muhimu. Mwaka 1852 alikwenda Chile, akaendesha gari la abiria la farasi kwa miaka mingi. Kazi ile ilitaka kuamka mapema, kutunza farasi, kushika saa, kusema na abiria. Mutu aliyeharibika kabisa hangeweza. Wachunguzi wa siku hizi wanafikiri kwamba kazi ile yenye mpango ule ule kila siku ilimsaidia kupata tena sehemu kubwa ya adabu yake. Alikufa Mei 1860, kisha kushikwa na degedege mara nyingi. Basi hakutengenezwa kwa kufukuzwa wala kwa jembe. Alitengenezwa kidogo kidogo na siku zenye saa, njia na kazi zinazojulikana.

Wa pili alikuwa Ufaransa. Jina lake Leborgne, lakini katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, walimwita Tan, kwa sababu hiyo ndiyo karibu silabi pekee aliyoweza kutamka. Ukimuuliza jina, "tan tan". Ukimuuliza anaumwa wapi, "tan tan", na mkono unaonyesha pahali. Alielewa karibu yote aliyoambiwa. Alikaa pale miaka 21. Wagonjwa wenzake walimchukia. Walisema ni mchoyo, ni mwenyi kulipiza kisasi, hata wakamshitaki kuwa mwizi. Mutu asiyeweza kusema hawezi kujitetea, na jina baya ni rahisi kumpa. Mwezi wa nne mwaka 1861 daktari Paul Broca alimpokea katika chumba chake kwa sababu ya mguu uliooza, na kisha siku chache Tan akafa. Broca akafungua kichwa, akaona kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kutoka hapo watu walianza kukubali kwamba kusema kuna pahali pake katika ubongo, na kwamba mutu anaweza kupoteza neno bila kupoteza akili.

Lakini tusimfanye Broca kuwa mtakatifu. Yeye huyo huyo alipima mafuvu ya watu wa mataifa mbalimbali ili kuonyesha nani ni juu na nani ni chini, na kazi ya namna hiyo ilifika mpaka huku wakati wa ukoloni, wazungu walipopima vichwa na pua za babu zetu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeogopa mtu anayesema juu ya vichwa ana haki ya kuogopa. Tofauti ni hii: kupima fuvu kulitaka kuhukumu taifa zima kwa umbo la inje, na kulikuwa uongo. Neropsikolojia inayofaa humchukua mutu mmoja, inauliza alikuwa nani jana, na inamjaribu kwa kazi moja moja ili ijue ni ipi iliyomshinda na ipi imebaki.

Iliyobaki! Hapo tunamtaja wa tatu, Henry Molaison, Mmarekani mwenyi kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili ili kupunguza kifafa. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile Henry hakuweza tena kushika jambo jipya. Alisahau chakula alichokula sasa hivi na mganga aliyemwona asubuhi, na ilikuwa hivyo mpaka alipokufa mwaka 2008. Mwanamama Brenda Milner, aliyefanya kazi Montreal, alimpa mchezo mgumu: kuchora nyota huku akiitazama katika kioo tu. Siku ya kwanza alikosea sana. Siku ya tatu alichora vizuri, ijapokuwa kila siku alisema hajapata kuona mchezo huo. Kichwa kilisahau, mkono ulijifunza.

Tafadhali lisomeni tena jambo hilo, ninyi mnaotuma wadogo kuchota maji. Mwenyi kusahau hawezi kusaidiwa kwa kuambiwa maneno matatu mbio mbio kwenye mlango wa refekta. Mpe kazi ile ile, saa ile ile, njia ile ile, na karatasi ndogo mfukoni. Itaingia polepole kwa mazoea.

Wengine watasema hizi ni habari za Amerika na Ulaya. Hapana. Kwetu ubongo unaumizwa kila siku, na wakati mwingi bila chuma. Kuna malaria ile inayopanda kichwani, mtoto anapopoteza fahamu. Sisi husema "amepona" siku anapokula tena. Katika mji wa Kampala, kwa majirani wetu wa Uganda, Chandy John, Paul Bangirana na wenzao walifuata watoto waliotoka katika ugonjwa huo, na mwaka 2008 walichapisha kwamba kisha miaka miwili karibu mmoja kwa wanne alikuwa bado na upungufu katika akili, zaidi katika kukaza mawazo juu ya jambo. Ni wangapi kati ya wale tunaowaita "wazito" walilala hospitali namna hiyo wakiwa wadogo? Kaye yetu haina safu ya kuandika hayo.

Tena kuko konzo. Wenzetu wa Kwango wanaijua: mtoto au mama analala mzima, anaamka miguu imekauka, haitembei vizuri tena maisha yote. Inatoka kwa mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, hasa wakati wa njaa na vita, sumu ya ndani inapobaki katika unga. Huko Kahemba wachunguzi, na kati yao Wakongomani Désiré Tshala-Katumbay na Daniel Okitundu, waliwajaribu watoto kwa michezo ya kukumbuka na ya mikono. Mwaka 2013 walitoa matokeo: wenye konzo walishindwa, na hata watoto wa vijiji vile vile ambao miguu yao ni mizima walikuwa nyuma ya watoto wa pahali pasipo konzo. Miguu inaonekana. Kilichopungua kichwani hakuna mutu aliyekiona mpaka alipokuja mutu wa kukipima.

Na kifafa, je? Hapa lazima tuungame jambo. Mwaka uliopita mwenzetu alianguka uwanjani, na duara kubwa la wanafunzi lilisimama kumtazama bila hata mmoja kumkaribia, juu ya kuogopa mate. Mate ya mwenyi kifafa hayaambukizi kitu. Ondoa mawe na viti karibu naye, weka nguo chini ya kichwa, mgeuze alale kwa ubavu, usitie kijiko wala kidole kinywani mwake, usimshike kwa nguvu, ngoja. Ikipita dakika 5 mkimbizeni dispansari. Na vidonge vyake avinywe kila siku bila kuacha, hata akijiona mzima. Jambo jingine: kukosa usingizi kunaweza kuamsha kifafa, na kichwa kilichoumia kinahitaji usingizi kuliko kingine. Tuliposikia hayo kutoka kwa muganga wa dispansari tulikumbuka usiku ule wa kukesha, na wale waliokesha walinyamaza.

Tunajua mashaka mawili yatakayoletwa.

La kwanza ni la Direkta wa Nidhamu, ametuambia mwenyewe, na tunaliheshimu: "Mkifungua mlango huo, kesho kila mwizi atasema ni ubongo wangu." Ni kweli kuna wajanja. Lakini mjanja hujulikana. Anachagua saa, anatazama kama kapita yuko, anaficha. Yule wetu hakuficha kitu. Alicheka mbele ya Bwana Prefe mwenyewe. Wala hatuombi mtu asiadibishwe. Tunaomba adhabu ifanane na sababu. Tena, wataalamu wanasema sehemu ile ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka mutu anapita miaka 20 na zaidi. Maana yake sisi wenye miaka 18, tunaoshika kaye na kuhukumu wa miaka 14, nasi bado tuko tunajengwa. Hilo halikutupendeza kulisoma.

La pili linatoka kwa ndugu wa kikundi cha maombi. Wanauliza: mukisema ubongo, mumeacha nafasi gani kwa roho? Sisi ni wana wa kanisa kama wao, na hatukuja kuvunja maombi. Tunawaomba wafungue Injili ya Marko sura ya 9, habari ya kijana aliyeangushwa na kutoka povu. Baba yake anamleta. Kabla ya kufanya neno lolote, Bwana Yesu anamuuliza baba yule jambo hilo limempata tangu lini. Baba anajibu: tangu utoto. Yeye aliyejua yote aliuliza. Sisi tusiojua kitu hatukuuliza, tuliandika. Muganga wa dispansari naye alipomwona mwenzetu juma hili, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Basi haya ndiyo tunayoomba baraza, kwa heshima. Kwanza, mwenzetu apelekwe hospitali kubwa atazamwe kichwa kabla ya neno "kufukuzwa" kusomwa. Familia imekubali kusaidia njia. Korali imeanza kuchanga. Pili, hata akibaki, asirudishwe kwenye jembe na panga. Apewe kazi moja ya kudumu. Sisi tumefikiria kengele ya asubuhi, pamoja na mwenzake mmoja wa kumkumbusha, maana kengele ina saa ile ile kila siku. Tatu, katika kaye ya adabu tuongeze safu moja kabla ya safu ya adhabu, yenye maneno mawili juu yake: "Tangu lini?" Kapita asiyeijaza asitie sahihi.

Hilo la tatu hatukungoja ruhusa. Jana usiku, kisha etidi, tulichukua rula na kuchora mstari katika kurasa zote zilizobaki. Na katika kurasa zile saba za nyuma tumeandika chini ya jina lake, kwa wino mwekundu: "Mwezi wa saba, pikipiki, siku mbili bila fahamu." Ukurasa wa kwanza kati ya hizo saba ni wa tarehe 9 Septemba. Kosa lililoandikwa pale ni kusahau daftari.